Macho Hudanganya, Kamba Haidanganyi

Somo la hesabu kwa wakulima wa mashamba ya kugawiwa



Yako mambo ya hesabu ambayo mtu akiambiwa kwa mara ya kwanza hukataa kuyasadiki. Mwambie jirani yako kwamba mvua ya usiku mmoja iliyoanguka juu ya ekari moja ya shamba lake ilikuwa na uzito wa tani 80, naye atacheka. Mwambie kwamba kuna silanga mbili zenye maji sawasawa, zinazonywewa na ng'ombe idadi sawasawa, lakini moja itakauka mwezi wa Septemba na nyingine itafika Novemba. Atakuuliza ni dawa gani iliyotiwa. Hakuna dawa, wala hakuna uchawi. Ni hesabu tu, na kila mtu aliyefika darasa la sita aweza kuifanya.

Mifano ya somo hili tumeichukua Bisil, katika Kaunti ya Kajiado, kwenye barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Namanga. Tumechagua Bisil kwa sababu huko maji na ng'ombe ndiyo maisha, na kosa dogo la kukadiria huleta hasara upesi. Lakini wewe uliye katika shamba la kugawiwa popote pengine utaona kwamba hesabu ni ile ile. Tafuta kamba, rula, kopo na kalamu, kisha tuendelee.

MVUA YA BURE

Weka uwanjani kopo dogo lenye kingo zilizosimama wima. Kando yake weka sufuria kubwa, nayo iwe ya kingo wima. Mvua ikinyesha, ni katika chombo gani maji yatapanda juu zaidi? Watu wengi hujibu kwamba ni katika sufuria, kwa kuwa mdomo wake ni mpana. Sivyo. Ukitia rula utakuta kina ni sawa. Sufuria imepokea maji mengi zaidi, lakini imeyatandaza mahali papana zaidi. Kwa hivyo kopo lolote la kingo wima ni kipimo cha mvua. Lakini bakuli linalopanuka juu litakudanganya.

Sasa shika kanuni hii moja: mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji.

Tuseme nyumba yako ina paa la mabati linalofunika ardhi ya urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Usipime mteremko wa bati. Pima ardhi iliyo chini yake. Hizo ni mita 60 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua moja nzuri ya jioni, paa limepokea lita 1,200. Hayo ni madebe 60 ya lita 20. Mama akibeba debe moja kila safari kutoka kisimani, angekwenda safari 60 ili kuleta maji ambayo yamepita juu ya kichwa chake akiwa amelala.

Mvua ya mwaka katika Kajiado si sawa kila mahali. Bonde la Amboseli hupata kama milimita 300, lakini vilima vya Ngong na miteremko ya Kilimanjaro hupata hata 1,250. Tufanye hesabu kwa milimita 500. Paa lile lile litapokea lita 30,000 kwa mwaka. Toa sehemu moja katika tano kwa ajili ya maji yanayomwagika na yale ya kwanza yanayoosha vumbi na mavi ya ndege. Zinabaki lita 24,000, yaani madebe 1,200. Jamaa wanaotumia madebe manne kila siku wangeyatumia siku 300.

Huna haja ya tangi la lita 24,000, maana mvua huja kwa misimu miwili. Tangi la lita 10,000 lililojaa mwisho wa Mei litakupa madebe zaidi ya matatu kila siku kwa siku 150, mpaka mwisho wa Oktoba. Funga gata nyumba nzima, si upande mmoja tu, na ulifunike tangi ili mbu na uchafu visiingie.

Na zile tani 80? Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Zidisha kwa milimita 20, utapata lita 80,940. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi mvua hiyo ni tani 80 na zaidi, mzigo wa malori manane ya tani kumi kumi. Ukitaka kujua kwa nini korongo linachimbika shambani kwa usiku mmoja, fikiri malori manane yakiteremka mlimani bila dereva. Katika mvua za Machi hadi Mei 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 katika Kenya, mwaka mmoja tu na miezi baada ya ukame mkali kwisha. Maji yalikuja, yakapita.

SILANGA MBILI ZA MAJI SAWASAWA

Wakulima wawili wamechimba silanga. Wa kwanza amechimba urefu wa mita 30, upana mita 20, na kina mita 1. Wa pili amechimba urefu wa mita 20, upana mita 15, na kina mita 2. Ukizitazama, ile ya kwanza inapendeza zaidi. Inang'aa kama ziwa dogo. Lakini fanya hesabu. Kila moja ina mita za ujazo 600, yaani lita 600,000. Udongo uliotolewa ni ule ule, na maji ni yale yale.

Sasa lipo kundi moja linalokunywa kila siku ambalo hulioni. Ni jua na upepo. Tuseme jua na upepo vinaondoa milimita 6 za maji kila siku ya kiangazi. Kwa silanga ya kwanza, mita 600 za mraba mara milimita 6 ni lita 3,600 kwa siku. Ukihesabu lita 40 kwa ng'ombe mmoja, jua limekunywa maji ya ng'ombe 90! Kwa silanga ya pili uso wa maji ni mita 300 za mraba tu, na jua linapata lita 1,800, nusu yake.

Tuseme kila mkulima ana ng'ombe 40, nao wanakunywa lita 1,600 kwa siku. Silanga ya kwanza inapungukiwa lita 5,200 kila siku, na ya pili lita 3,400. Kama zote zilijaa tarehe 1 Juni, ya kwanza itadumu siku 115. Itakauka kama tarehe 23 Septemba, wakati jua ni kali na mvua za vuli bado ziko mbali. Ya pili itadumu siku 176, mpaka kama tarehe 23 Novemba, wakati ambapo vuli kwa kawaida imekwisha kuanza. Miezi miwili hiyo ndiyo tofauti ya kukaa nyumbani na kuhama na watoto na ndama.

Hesabu yetu imechukua kuta zilizosimama na udongo usiokunywa maji. Silanga ya kweli lazima iwe na miteremko, na kila udongo una tabia yake. Kwa hivyo mwite Bwana Shamba aangalie mahali kabla hujachimba. Lakini kanuni haibadiliki: kwa maji yale yale, kina kirefu na uso mdogo ndiyo akiba. Kumbuka pia kwamba silanga yenye kina ni hatari kwa watoto. Izungushie ua, na uchote maji uyatie katika hori nje ya ua, wala ng'ombe wasiingie ndani.

BOMA LA WAZEE

Chukua waya wa mita 400. Je, utazungushia shamba la ukubwa gani? Wengi husema, "Waya ni ule ule, basi shamba ni lile lile." Hebu tuone.

Ukifanya mita 180 kwa 20, umezungushia mita za mraba 3,600.
Ukifanya mita 150 kwa 50, umezungushia 7,500.
Ukifanya mita 100 kila upande, umezungushia 10,000, yaani hektari moja.
Ukifanya duara, umezungushia 12,700 na zaidi.

Waya haukuongezeka hata shubiri moja, lakini duara limepata zaidi ya mara tatu ya kile kipande chembamba. Hakuna umbo lingine litakaloishinda duara. Watu wenye elimu ya hesabu wamelithibitisha jambo hili kwa kalamu, lakini Wamaasai walilitumia zamani kwa miiba. Boma lao la desturi, enkang, ni la mviringo. Mwenye kukata miiba kwa panga hujua thamani ya kila hatua ya ua.

Liko jambo jingine katika boma. Tuseme jirani wawili wana boma mbili, kila moja ina upana wa mita 20 kati kwa kati. Ua wa kila boma ni kama mita 63, zote mbili mita 126. Wakikubaliana kujenga boma moja lenye nafasi ile ile ya zote mbili, upana wake utakuwa mita 28 na kidogo, na ua utakuwa mita 89 tu. Wameokoa mita 37 za miiba, na simba au fisi ana ukuta mfupi zaidi wa kujaribu. Ujirani mwema una faida hata katika hesabu. Lakini mnyama mgonjwa atengwe, maana nafasi ya pamoja ni ugonjwa wa pamoja.

Basi unapokata kipande cha malisho ya akiba au cha mboga, usikifanye kirefu na chembamba kama huna sababu. Kikaribishe kwenye mraba au duara.

MASANDUKU YA KIBERITI NA FAHALI WA SOKONI

Kusanya masanduku manane ya kiberiti. Weka moja mezani. Sasa jenga jingine lenye umbo lile lile, lakini liwe mara mbili kwa urefu, mara mbili kwa upana, na mara mbili kwa kimo. Utahitaji masanduku mangapi? Si mawili, wala si manne. Utatumia yote manane.

Ndiyo maana tangi la upana wa mita 1 na kimo cha mita 1 huchukua lita 785, na tangi la upana wa mita 2 na kimo cha mita 2 huchukua lita 6,280. Jicho linasema "mara mbili". Maji yanasema "mara nane".

Sasa peleka jambo hili katika soko la mifugo la Bisil, ambako ng'ombe wengi huuzwa. Ng'ombe akiuzwa kwa kutazamwa, hapo macho ya mchuuzi na macho ya mwenye ng'ombe hushindana, na mchuuzi anatazama ng'ombe kila siku.

Tuseme una mafahali wawili waliohasiwa. Wa kwanza ana mzunguko wa kifua sentimita 150 na urefu wa mwili sentimita 120. Wa pili ana mzunguko wa sentimita 165 na urefu wa sentimita 132. Amemzidi mwenzake sehemu moja tu katika kumi. Wakisimama mbali mbali sokoni hutaiona tofauti, na mtu atakwambia, "Mzee, hawa ni sawa, nitakulipa bei moja."

Pima kwa kamba. Zungusha kamba kifuani, nyuma ya nundu na ya miguu ya mbele, ng'ombe akiwa amesimama sawasawa. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa matakoni karibu na shina la mkia. Halafu fanya hivi: zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, kisha gawa kwa 10,840. Utapata kilo.

Wa kwanza: 150 mara 150 mara 120, gawa kwa 10,840, ni kilo 249.
Wa pili: 165 mara 165 mara 132, gawa kwa 10,840, ni kilo 331.

Tofauti ni kilo 82! Sehemu moja katika kumi kwa macho imekuwa theluthi moja kwa uzito, kwa sababu ile ile ya masanduku ya kiberiti: ng'ombe wa pili ameongezeka kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, mara moja. Ukiwauza kwa bei moja, umetoa kilo 82 kama zawadi. Zidisha wewe mwenyewe kwa bei ya kilo ya siku hiyo.

Hesabu hii ni kadirio, wala haishindi mizani. Penye mizani, tumia mizani. Lakini pasipo mizani, mtu mwenye kamba amemshinda mwenye macho matupu. Mpime ng'ombe nyumbani asubuhi kabla ya kuondoka, uandike kilo zake katika karatasi, na uende sokoni ukijua unauza nini.

KUANGUKA NA KUINUKA SI SAWA

Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote.

Mtu ana ng'ombe 100. Ukame unaua asilimia 60, wanabaki 40. Je, kundi lirudi juu kwa asilimia ngapi ili wawe 100 tena? Karibu kila mtu hujibu "60". Lakini asilimia 60 ya ng'ombe 40 ni ng'ombe 24 tu, nao watakuwa 64. Ili wawe 100 lazima waongezeke 60 juu ya 40, na hiyo ni asilimia 150. Njia ya kushuka ni fupi, njia ya kupanda ni ndefu.

Ni ndefu kiasi gani? Tuseme kundi linaongezeka kwa asilimia 10 kila mwaka, baada ya kuondoa wanaokufa na wanaouzwa. Kutoka 40 watakuwa 44, kisha 48, 53, 59, 64, 71, 78, 86, 94, na mwaka wa kumi 104. Miaka kumi mizima.

Je, ukame utamngoja miaka kumi? Wazee wa Kajiado wanakumbuka mwaka wa 1960 na 1961, ng'ombe walipokufa kwa wingi, kisha mafuriko yakafuata mwishoni mwa 1961. Wanakumbuka 1984. Ukame mkali ukaja tena mwaka wa 2000, na 2009, na 2017. Halafu kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo. Hesabu miaka iliyo katikati: tisa, minane, mitano. Mwenye kupoteza asilimia 60 kila mara hafiki nyumbani. Ukame unamkuta bado yuko njiani.

Sasa mtazame mkulima wa pili. Naye ana ng'ombe 100. Anapoona mvua imepungua na majani yamekwisha kukauka mapema, anauza 30 wangali na nyama: mafahali waliohasiwa, ng'ombe wazee, na wale wasioshika mimba. Anabakiza mitamba na majike wazuri. Kwa sehemu ya fedha ananunua majani makavu na dawa, na nyingine anaiweka. Malisho yaliyobaki yanagawanywa kwa midomo 70 badala ya 100. Tuseme bado anapoteza 10. Wanabaki 60. Kwa ongezeko lile lile watakuwa 66, kisha 73, 80, 88, 97, na mwaka wa sita 106. Miaka sita badala ya kumi, na fedha za ng'ombe 30 alizipata. Yule wa kwanza alipata ngozi tu.

Twajua kwamba ng'ombe si shilingi tu. Ni heshima ya mtu, ni mahari, ni chakula cha watoto, na kumwuza ukiwa hujalazimika ni uchungu. Lakini ng'ombe aliyekufa kwa njaa hakuacha heshima wala mahari. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti kame, na Kajiado ni mojawapo. Mwulize Bwana Mifugo au chifu taarifa ya mwezi huu inasema nini, wala usingoje mpaka bei ya soko imeanguka.

Basi, ndugu mkulima, jicho ni kitu kizuri kwa kumtambua ng'ombe wako katika kundi la watu, lakini si kipimo. Kata kamba yako leo, uitie alama kila sentimita 10, na uitundike mahali pa kuonekana.

MASWALI YA KUJIPIMA

Wape watoto wa shule maswali haya jioni, ufanye nao.

1. Paa linafunika mita 8 kwa mita 5. Imenyesha mvua ya milimita 15. Paa limepokea madebe mangapi ya lita 20?

2. Una waya wa mita 200. Shamba la mita 80 kwa 20 na shamba la mita 50 kwa 50, lipi ni kubwa, na kwa kiasi gani?

3. Ng'ombe ana mzunguko wa kifua sentimita 160 na urefu sentimita 125. Uzito wake ni kama kilo ngapi?

4. Mbuzi 50 wamepungua kwa asilimia 50. Ni lazima waongezeke kwa asilimia ngapi ili wawe 50 tena?

MAJIBU: 1. Lita 600, madebe 30. 2. La 50 kwa 50. Ni mita za mraba 2,500, na lile jingine ni 1,600, limezidi kwa 900. 3. Kilo 295. 4. Asilimia 100.